Sauti Kumi na Moja na Kebo ya Kuchaji

Jumamosi. Joto la kunata tangu asubuhi, kisha saa tisa mvua ya ziwa ikaingia bila kubisha hodi. Niko sawa. Wasomaji wangu wanne wananijua: nikiandika "niko sawa" kwenye mistari ya kwanza, siko sawa.

Blogu hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu. Shemeji zangu wanasoma Kijaluo na Kiingereza vizuri sana, lakini Kiswahili kirefu huwachosha kabla ya aya ya nne. Kwa hiyo mambo ya kweli huwa nayaanzia hapo.

Kwa mgeni: nauza chakula cha samaki. Si samaki, chakula chao. Wako wafugaji wenye vizimba ziwani na wenye mabwawa huku bara, na mimi nawazungukia kwa gari dogo kuukuu lililotoka Japani. Leo Awasi, kesho Otonglo, magunia nyuma, mimi mbele, kiti cha pembeni kitupu. Samaki wangu wanakula kwa ratiba. Mimi jana nilikula mkate na chai ya rangi, nikiwa nimesimama.

Haya, aya ya nne. Mke wangu amenitumia meseji za sauti kwa wiki tatu, na mpaka leo mchana nilikuwa sijasikiliza hata moja.

Ziko kumi na moja.

Namwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu kwao ni Seme na sisi humwita mke kwa jina la kwao, asije akasahau alikotoka, au sisi tusije tukasahau kwamba ana pa kurudi. Anapika katika shule moja Uarabuni. Mkataba wake wa miaka miwili unaisha mwezi wa kumi na mbili. Huko aliko simu za intaneti zimefungwa, kwa hiyo ndoa yetu imekuwa ya kurekodi: yeye anaongea akitoka jikoni, mimi nasikiliza njiani, kisha namjibu kwa maandishi. "Sawa." "Nimefika." "Mvua imenyesha." Kurekodi sauti yangu siwezi. Nikibonyeza ile maikrofoni najihisi kama nimeitwa mbele ya hema la matanga nitoe neno kuhusu marehemu.

Zamani meseji zake zilikuwa za dakika moja, dakika moja na nusu. Paa la jikoni bado linavuja? Hawi, binti yetu aliye chuoni Eldoret, amepiga simu? Kisha wiki tatu zilizopita ikaja moja ya dakika tisa.

Dakika tisa.

Mtu hatumii dakika tisa kusema anarudi nyumbani. Kurudi ni sekunde nne: "Nakuja, njoo unipokee." Dakika tisa ni za mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango wa kukuambia jambo.

Nikamwandikia kwamba sitaki kumsikiliza kwa kile kispika cha simu kinacholia kama nyuki ndani ya kopo. Ngoja kwanza fundi aniunganishie simu na redio ya gari, nimsikie kwa spika nne, kama vile amekaa pembeni yangu. Akajibu: "Sawa. Hili jambo si la kuandika." Niliuona uongo wangu ni mzuri. Ulikuwa na mahaba ndani yake, na ulikuwa na fundi.

Redio yenyewe ilikuja na gari, na gari lilikuja yeye akiwa ameshaondoka. Maandishi yote ni ya Kijapani. Bluetooth haina, ila ina kitundu cha USB chini, karibu na goti. Na ina mwanamke. Ukiwasha gari anasema sentensi moja, polepole, kwa adabu ambayo sijaisikia tangu mama yangu afariki. Mwaka mzima nimeamini ananisalimia. Salamu kwetu haiachwi ianguke chini, kwa hiyo kila nikiwasha gari namjibu, "Oyaore, mama," yaani habari za asubuhi, hata kama ni saa kumi jioni. Siku nyingine namweleza ninakokwenda. Habari za mwanamke huyu sikumwambia Nyar Seme. Sikujua nianzie wapi.

Nikanunua kebo sokoni Kibuye. Simu ikachaji, redio ikaandika kitu kwa Kijapani na kunyamaza. Nikanunua ya pili. Simu ikachaji. Ya tatu ilikuwa nyekundu, na muuzaji aliapa kwa jina la mama yake. Simu ikachaji zaidi. Sijawahi kuwa na simu yenye chaji nyingi namna hii maishani. Meseji nazo zikawa zinakuja, ya nne, ya sita, ya nane, na Nyar Seme anaona kila kitu kutoka huko: maikrofoni isiyogeuka buluu ni meseji ambayo haijasikilizwa. Akiandika, "Umesikiliza?" namjibu, "Fundi anamalizia."

Hakukuwa na fundi.

Kungekuwa na fundi angetengeneza, na ikishatengenezwa ningesikiliza.

Jana jioni ikaja ya kumi na moja. Sekunde sita. Ile ya dakika tisa ilinitia woga, lakini hii ya sekunde sita ndiyo iliyonitoa nyumbani asubuhi hii bila gunia hata moja, mpaka Mamboleo, kwa Were.

Were ni fundi wa redio za magari. Kwao ni Bunyala, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Aliziinua kebo zangu tatu kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

"Mzee, hizi ulinunua za nini?"

"Za kusikiliza."

"Hizi ni za kuchaji tu. Ndani waya ni mbili, za moto peke yake. Zile za kupitisha maneno hawakuweka." Akaizungusha ile nyekundu kidoleni. "Ni kama bwana na bibi wanakula meza moja na hawasemezani. Chakula kinapita. Habari haipiti."

Jamaa wawili waliokuwa wakifungua mlango wa pikapu wakacheka. Nikacheka pia, nimechelewa kidogo.

Akaleta kebo yake, nene, yenye waya zote. Simu ikauliza kama nataka kuchaji au kuhamisha faili. Tukachagua faili. Were akawasha gari, yule mwanamke akasema yake, na mimi bila kufikiri nikajibu, "Oyaore, mama."

Were akageuka polepole sana.

"Mzee. Unamsalimia nani?"

"Huyo."

"Huyo?" Akashika usukani ili asianguke. "Huyo anasema hujaingiza kadi! Kule kwao kuna kadi ya kulipia barabara, unaichomeka hapo chini. Hujachomeka, anakuambia kila siku. Nimewatoa hawa kwa magari mpaka nimechoka. Nimtoe?"

"Mwache."

"Mzee, anakudai kadi!"

"Mwache, Were."

Akaniangalia, akaacha kucheka. Akarudi kwenye redio. Haikuona simu hata kwa kebo nzuri. Akanieleza bila haraka kwamba redio ya umri huu inasoma flashi, haisomi simu, na simu za siku hizi hazijui kujifanya flashi. Dawa ni kuzitoa zile sauti kwenye simu, kuzigeuza kwa kompyuta ziwe aina ambayo redio inaijua, kisha kuziweka kwenye flashi. Jinsi zilivyo sasa, hata kwa flashi zitagoma.

"Ni za muziki?"

"Ni za mke wangu."

Akafungua kompyuta yake. Kazi yenyewe ilimchukua muda wa kunywa soda. Wiki tatu, kebo tatu, na dawa ni muda wa soda moja.

Akachomeka flashi kujaribu.

"Baba Hawi," akasema Nyar Seme.

Alisema kutoka pande zote nne za gari. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti yake ina kifua. Simu humpunguza, humfanya mtu mdogo aliye mbali. Pale alikuwa na kimo chake. Nikaizima kwa kiganja kizima, kama anayeua mbu, na Were akawa ghafla ana bisibisi ya kufuta.

Nilipokuwa naondoka aliinama dirishani. "Halafu ujue, ukisikiliza kwa flashi, ile maikrofoni kwa simu haigeuki buluu. Hatajua kama umesikiliza." Alisema kwa sauti ya chini, kama muuza nyanya anayekuongezea moja juu.

Nami nikaipokea.

Sikutaka kusikiliza nyumbani, kuna ukuta mmoja tu kati yangu na jirani. Nikaendesha mpaka Otonglo, nikaegesha mbele ya duka la mteja wangu aliyekwisha kufunga. Mvua ikashuka. Akina mama wakafunika nyanya kwa nailoni, kisha wakajifunika wenyewe. Nikasikiliza zote, kwa mpangilio, injini imezimwa.

Zile dakika tisa zilikuwa hivi. Mkubwa wake jikoni amemwomba aongeze miaka miwili, na jibu linatakiwa kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu. Alisema hilo katika dakika ya kwanza. Dakika nane zilizobaki alikuwa anazunguka nyumba. Alisimulia sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Alisimulia mtoto mmoja wa shule anayekataa wali mpaka aupangue punje punje. Kisha akasema: "Nimechoka, Baba Hawi. Lakini mtu akikaa nje sana hajui kama nafasi yake bado ipo. Usinipigie hesabu za mshahara. Niambie tu rudi, nitarudi."

Ya tatu alikuwa anakata vitunguu, hasemi kitu. Kisu na ubao, karibu dakika nzima. Ya saba alinitania kwamba huyo fundi wangu bila shaka anaijenga redio kuanzia udongo. Ya tisa alisema ameota nimekaa mezani na mgongo wangu umemwelekea. Ya kumi ilikuwa ya juzi, Alhamisi: "Kesho ndiyo mwisho. Achana na spika. Weka simu sikioni kama watu wengine."

Ya kumi na moja, sekunde sita.

"Nimesaini. Miwili tena. Lala salama."

Mwaka mzima nimemsikiliza kwa adabu mwanamke nisiyemwelewa hata neno. Hilo ndilo nililoliwaza.

Sasa naungama lililo baya zaidi. Nilishika simu, nikaziangalia zile meseji kumi na moja zikiwa bado hazijaguswa, na nikaona njia. Were alikuwa ameniachia. Ningeweza kumwandikia kwamba fundi amekwama. Wiki ijayo ningesikiliza "kwa mara ya kwanza", nishangae, nishike kichwa, nilaumu mafundi wa Mamboleo wote. Ningekuwa mtu wa bahati mbaya badala ya mwoga. Ni cheo kizuri zaidi, na Seme nzima ingenihurumia.

Niliandika hata maneno mawili. "Fundi ame..."

Nikafuta. Nikaweka simu sikioni, kama watu wengine, nikafungua ile ya kwanza tena kutoka mwanzo. Dakika tisa zote. Ikageuka buluu. Ya pili, buluu. Nilikaa na vitunguu mpaka mwisho. Nilitaka aone huko aliko zikigeuka moja baada ya nyingine, na nilitamani asione. Ya kumi na moja niliirudia.

Kisha nikabonyeza maikrofoni.

Sikumbuki nilisema nini kwa mpangilio. Nilisema redio haikuwa na shida, ni mimi. Nilisema niliona dakika tisa nikaogopa, na nikanunua kebo badala ya kusikiliza. Nilisema najua amesaini, na sasa nasema lile neno hata kama limechelewa: rudi. Karatasi itakapokuruhusu, rudi. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke, sioni hata nyanya, na kwa mkono mwingine nikawasha gari ili feni ivikaushe.

Na yule mwanamke akasema yake. Polepole, kwa heshima, katikati ya ungamo langu.

Nikaachia kidole kwa kushtuka. Ikaenda.

Nilikaa nikiangalia skrini. Maikrofoni yangu ikageuka buluu upesi kuliko nilivyotarajia, kumbe alikuwa ameinamia simu. Dakika ikapita, mbili. Kisha akajibu, na yeye aliyekataa kuliandika jambo lake kwa wiki tatu akaandika:

"Huyo mwanamke kwa gari ni nani?"

Nilicheka mpaka mama mmoja wa nyanya akainua nailoni yake kunichungulia. Mtu mzima, peke yake ndani ya gari lililosimama, anafuta macho kwa risiti ya kebo.

Nikabonyeza tena. Safari hii sikuwa mbele ya hema lolote. Nilimweleza habari za kadi, na "Oyaore, mama", na Were alivyoshika usukani. Nikamweleza paa la jikoni, ambalo bado linavuja, na mkate ninaokula nimesimama. Nikamweleza kuhusu meza, na kwamba mgongo wangu unaelekea kiti chake kwa sababu nikikitazama siwezi kumeza. Nilipoachia kidole nikaangalia urefu wake.

Dakika tisa.

Naandika haya nikiwa bado Otonglo. Mvua imepungua, akina mama wamefunua nyanya. Nimeituma kitambo sasa, na maikrofoni bado ni ya kijivu. Labda ameitwa jikoni kwa chakula cha jioni. Labda ameona dakika tisa akaogopa, na ni haki yake. Na yeye apewe wiki tatu, kama atazitaka?

Nangoja. Chaji ninayo ya kutosha.