Alama Mbili Ndani ya Motere

Misisi

Yaya Esta,

Jambo kwako na kwa bote ba nyumbani. Magoti yako inaendelea namna gani na hii mvula ya Lweba? Mi niko muzima, lakini roho haitulii.

Amisi, chofere mwenye kupeleka bantu Fizi na Baraka, alileta gari yake garaje nibadilishe mukaba, ule mukanda wa meno wa motere. Nilifanya haraka, juu gari ingine ilikuwa inaningoja. Kesho yake ile ya Amisi ikatoa moshi mweupe, ikazimika kwenye mupando wa mulima wa kwenda Fizi. Ndani mulikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Bakamubeba na pikipiki. Yeye na mutoto beko bazima, Mungu asifiwe.

Amisi akarudi na hasira kwa Mama Furaha, anayemuuzishiaka mazutu, mafuta ya gari. "Umetia maji ndani!" Bantu bakamwanga bidoni zake za mazutu mbele ya soko lote.

Na mi nilijua, Yaya. Nilikumbuka ile haraka yangu na mukaba. Siku ya tatu nikabaita bote babili garaje, kwenye gari ilikuwa imevutwa, nikafungua motere yake.

"Munaona hii chuma ndefu yenye nundu? Ni arbrakamu. Nundu ikizunguka, inasukuma supape, ni kusema milango ya motere. Moja inaingiza hewa, ingine inatoa moshi. Motere ikizunguka mara mbili, hii inazunguka mara moja, na mukaba ndiyo inaifunga pamoja na motere. Ukikosea jino moja tu ya mukaba, milango inafunguka saa yenye haifai. Motere inakosa pumzi."

Mama Furaha akainama. "Na hizi alama mbili kwenye magurudumu ya mukaba?"

"Zinapashwa kutazamana."

"Mbona hazitazamane?"

"Mi niliweka vibaya, Mama. Mazutu yako haikuwa na maji."

Amisi akatupa kofia chini, akatoka. Mama Furaha akanitazama sana. "Twende sokoni. Useme vile ulisema hapa."

Nikasema, Yaya, kwa sauti, mikono ikiwa bado na mafuta. Bamama bengine balinicheka. Mama Furaha alisimama kando yangu mpaka nilipomaliza.

Nimerudisha mukaba, nimeangalia alama mara saba. Amisi hanisalimie bado, lakini amesema kesho nipande naye, niketi mbele, mpaka juu ya ule mupando. Naogopa. Nitapanda.

Unisalimie shemeji kwenye nyavu zake, mama mudogo shambani, na batoto bote. Muniombee njia ya kesho.

Ni mi mudogo wako,
Etiene