Mguu Wangu Uliinuka Pale Katito

Ouma, omera, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lako la mashindano, hapa gereji, Ijumaa mchana. Nimekaa kiti cha kushoto, kilekile changu. Cha kwako nimekikalia mara nyingi wiki hii, lakini kuandika siwezi nikiwa huko. Mvua inajikusanya upande wa ziwa. Kesho saa nne asubuhi nitaliendesha gari hili kutoka bomani kwenu mpaka daraja dogo la mbele ya Katito, watu wote wakitazama, na naogopa. Mtu niliyekuwa nikimwambia mambo ya kuogopa ni wewe. Sasa ni majuma mawili tangu tukuzike, na bado sijampata mwingine.

Uliondoka haraka mno. Jumatatu ulisema kichwa kinauma, ukaomba chai, ukailalamikia kwamba haina sukari. Ilikuwa na vijiko vinne. Alhamisi niliitwa hospitalini nikapewa viatu vyako. Malaria ilipanda kichwani, ndivyo walivyosema. Viatu ninavyo. Cha kulia kimelika kisigino upande mmoja tu, kwa ile namna yako ya kukanyaga mafuta bila kuachilia.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana hukuwepo, na watu watakueleza vibaya.

Tulipomaliza kukufunika udongo, Mzee Opiyo, baba yako mdogo, alisema wanaume wakifukuze kifo kitoke bomani. Tero buru, kama mnavyoiita ninyi Waluo. Mimi mtu wa Murang'a nilikuwa nimeiona mara moja tu: ng'ombe, mikuki, kelele, watu wakikimbia mpaka mpakani kukiacha kifo huko. Nikasogea pembeni nitazame kama mgeni. Mzee akaninyooshea fimbo.

"Ouma hakuwa na fahali," akasema. "Fahali wake ni hilo gari. Fundi, lete fahali."

Watu wakacheka, nami nikacheka, mpaka nikaona yeye hacheki.

"Na liimbe vile lilivyomwimbia yeye. Kifo kinamjua kwa ule mluzi. Kikisikia mtu mwingine anakifukuza, kitageuka kirudi."

Ule mluzi, Ouma. Mimi ndiye niliyeutengeneza. Ile turbo niliitoa kwenye lori lililopinduka karibu na Sondu, nikaifunga kwenye gari lako dogo, na fundi mwenzangu akaniuliza kama nimegombana na wewe. Ni feni tu, inazungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa kwenye injini. Lakini ilikuwa kubwa kuliko gari. Ukiinua mguu kwenye mafuta ili ubadilishe gia, inapoa, na kuiamsha tena unahesabu moja, mbili, tatu, huku wenzako wanakupita na vumbi lao. Kwa hiyo ulijifunza kutoinua. Mguu wa kulia unabaki chini, wa kushoto unagusa klachi kama mtu anayekanyaga kaa la moto, mkono unapiga gia, kwisha. Mluzi haukatiki. Watu wa Ahero walikuwa wakiusikia kabla hawajaliona vumbi.

Nakumbuka ulivyofanya mazoezi hapa gereji, injini imezimwa, kiberiti kimewekwa kati ya kiatu chako na kikanyagio cha mafuta. Mimi nilikuwa nimeinama mlangoni, kazi yangu kuangalia kama kiberiti kitaanguka. Kila kilipoanguka uliniuliza, "Ni nani amelala, mimi au wewe?" Siku kilipokaa gia zote nne, ulitoka ukaninunulia samaki mzima, tukamla kwa mikono yenye grisi.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikifungua gia boksi baadaye. Niliyaona meno ya gia yalivyolika. Gia ikikataa kuingia na mguu uko chini, injini inabaki bila mzigo, inapanda mpaka inapasuka, na chuma hakichagui pa kwenda. Wewe ulijua kuendesha. Mimi nilijua kitu gani kinaweza kutokea. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na ndiyo sababu tulielewana.

Basi siku ile ya mazishi nikaliwasha. Ng'ombe walikuwa nyuma, vijana wamejipaka udongo, akina mama wamejipanga njiani mpaka sokoni. Gia ya kwanza kwenda ya pili, mguu ulikaa chini. Mluzi ukapanda, nikasikia watu wakiita jina lako. Walikuwa wanakuita wewe, Ouma, wakinitazama mimi. Nikafika pale Katito njia inapogawanyika kwenda Kendu Bay. Nikapiga gia ya tatu. Ilikataa kidogo tu, upana wa ukucha.

Mguu wangu uliinuka. Sikuuinua, uliinuka wenyewe.

Mluzi ukashuka kama birika lililoondolewa motoni. Gari likalegea. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na katika kimya kile kijana mmoja akapiga kelele, "Fundi amelala!" Nilifika darajani, ndiyo, lakini nilifika kama mtu anayepeleka mboga sokoni. Niliporudi Mzee Opiyo hakunigombeza. Alisema tu, "Kilifika Katito. Hakikuvuka."

Nilijiambia ni maneno ya wazee. Naenda kanisani, unajua. Lakini Jumanne iliyofuata binti yako Achieng' alishikwa na homa.

Usishtuke. Au shtuka, sijui nikwambieje. Yuko hospitalini hapa mjini, anapata dawa, asubuhi anakaa anakula uji na kuniomba karanga. Jioni homa inarudi. Daktari anasema itaisha. Lakini ni homa kama yako, na kitanda kiko chumba kilekile. Mke wako hajaniambia neno hata moja baya. Ananikaribisha, ananipa kiti, kisha anatazama miguu yangu. Nimeona. Nikienda sasa naificha chini ya kitanda cha mtoto.

Sijui naamini nini, Ouma. Kitabu kinaniambia kitu kimoja. Kijana aliyepiga kelele pale Katito ananiambia kingine. Ninachojua ni kwamba mtoto ana miaka sita na mimi niliinua mguu.

Jumapili Mzee alituma neno: Jumamosi tutarudia. Na Alhamisi, jana, mama yako mwenyewe akashuka hapa gereji na kikapu cha mayai. Akalizunguka gari, akaligonga paa kwa vidole kama mtu anayechagua chungu.

"Kesho kutwa nitapanda na wewe," akasema.

Wakati huo nilifikiri ni majonzi yanayozungumza. Nikamwambia, "Mama, upande ule hakuna kiti cha mtu mzima."

"Wewe ulikuwa unakalia nini?"

"Mama, ni hatari."

"Ningeogopa hatari ningemzaa Ouma?" Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile, kisha uso ukaanguka. "Nilimwambia kila siku apunguze kelele. Sikuwahi kuingia ndani kusikia alichokuwa anakisikia. Na wewe, mtoto wa Mkikuyu, ukiinua mguu tena nitaushindilia chini kwa fimbo yangu."

Sikuweza kukataa. Mayai nimempelekea Achieng'.

Kila asubuhi wiki hii nimekwenda barabara ya Kisian kabla magari hayajawa mengi. Nimeweka kiberiti chini ya kiatu, kama wewe. Nimeifungua gia boksi mara mbili, nimebadilisha kila kilicholika, nimekaza kila kinachokazwa. Nimejaribu mara kumi na moja. Mara tisa gia ya tatu iliingia na mluzi ukabaki juu, na nikwambie ukweli, mara moja niligeuka kushoto nikuone unavyofurahi. Hakukuwa na mtu. Mara mbili kiberiti kilianguka. Sasa siwazi zile tisa. Nawaza zile mbili, na mama yako amekaa nusu mita kutoka kwenye injini niliyoifunga kwa mikono yangu, fimbo mapajani, kitambaa cha kanisa kichwani.

Tangu jana nimekuwa nikijiuliza ungefanya nini. Nimeacha. Wewe ungekanyaga. Gari hili ulilijua kwa mguu. Mimi nalijua kwa ndani.

Kwa hiyo sikiliza, na usikasirike. Kesho nitakanyaga. Nitaushikilia mguu chini gia ya kwanza, ya pili, na nitapiga ya tatu nikitaja jina la mtoto wako. Ikiingia, mama yako atausikia mluzi wako mpaka darajani. Lakini ikikataa, hata kwa upana wa ukucha, nitauinua mguu. Safari hii nitauinua mimi mwenyewe. Vijana wacheke, Mzee anyooshe fimbo, mama yako anipige na yake. Nitamrudisha bomani kwako akiwa mzima, na kutoka hapo nitakwenda moja kwa moja hospitalini, nikae kwa Achieng' jioni ile homa inaporudi, na jioni inayofuata, mpaka iikose njia. Hiyo ndiyo ahadi ninayoweza kuitimiza. Kubwa zaidi sina.

Mvua imeanza. Lazima nifunge mlango wa gereji.

Kwaheri, ndugu yangu. Na kama kesho mluzi utakatika, na kile kitu kikageuka kurudi bomani, uko karibu nacho kuliko sisi. Tafadhali kizuie.

Rafiki yako,
Njoroge