Firigisi Aliyopewa Makokha

Changamwe, Mombasa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mguu wako unaendeleaje? Na Brenda wangu, bado anakataa mboga? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haina raha. Nimempa binamu barua hii akuletee mkononi, maana simu yako hupokelewa na kila apitaye uani.

Mama, Makokha ni mtu mwema. Tunashona pamoja kiwandani, na tangu nimkimbie Baba Brenda hakuna mwingine aliyenijali hivyo. Nilifurahi ulipompokea na wajomba zake. Lakini ukamchinjia kuku na kumpa firigisi mbele ya majirani! Kwetu nani hajui kwamba hiyo ni ya mkwe? Habari ilifika Matungu kwao Baba Brenda kabla mifupa haijatupwa. Naye akanipigia simu.

"Huyo mtu amekula imondo, firigisi yangu, kwa mama mkwe wangu? Sawa. Ng'ombe zangu ziko kwenu bado. Hata ukifia huko Mombasa, mimi ndio nitakuzika."

Sindano ya cherehani ikanidunga kidole. Nikaenda kwa wakili, mama mmoja mpole, nikamweleza kwamba tulitengana zamani.

"Kutengana si talaka," akasema. "Ndoa yenu ya kanisani ingali hai. Kuwa na rafiki hakukupeleki jela. Ukiolewa tena kabla ya talaka, hata kimila, unaweza kushtakiwa."

Mama, naogopa. Naogopa jela, na zaidi naogopa kuzikwa kwenye boma nililotoka uso umevimba. Kesi ya talaka nimeifungua, lakini korti haina haraka na mtu.

Sasa nasikia Jumamosi wajomba wanaleta ng'ombe wa mahari. Makokha amewasihi wangoje, wanasema kamba imeshafungwa. Nakusihi usimpokee huyo ng'ombe. Waambie zizi limebomoka, waambie lolote. Wape chai na viazi vitamu, waende na ng'ombe wao.

Msalimie kaka mkubwa, na shangazi anayeuza mboga Iguhu; mwambie afunge mdomo sokoni. Brenda mkumbatie.

Na ukilazimika kuchinja kuku, firigisi uile mwenyewe. Najua wazee watanung'unika kwamba mwanamke haruhusiwi. Heri waseme wewe umevunja mwiko, kuliko waseme mimi nina waume wawili.

Mwanao mwenye hofu,
Everline