Kemunto Alipofungua Bandeji za Miti

Keroka, upande wa Nyamira

Mama mpendwa,

Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeipa jirani kama kawaida yako? Na maji ya mfereji, zamu yenu inafika siku hizi, ama bado yanaishia kwa watu wa juu? Niandikie yote, hata yale unayoona hayana maana, maana ndiyo ninayoyakosa zaidi.

Sisi huku tupo. Momanyi anaota meno. Ananiuma akinyonya, kisha ananitazama na kucheka. Kidonda cha mguu wa Kemunto kimefunga vizuri. Baba yao bado yuko Kisumu kwenye kazi ya ujenzi, na huja Ijumaa kabla jua halijazama, kwa ajili ya Sabato. Akichelewa, mama yake humnunia mpaka jioni ya pili. Mvua inanyesha karibu kila alasiri na nepi hazikauki. Nimechoka, Mama, sitakuficha. Lakini si uchovu wa kukutia wasiwasi.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya lile neno lako kwenye simu. Ulisema, "Niletee huyo mkubwa nimlee mpaka umalize masomo yako." Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila nataka ulipate pamoja na mambo yaliyolitangulia, usije ukasema nimerithi ukaidi wa baba.

Masomo yenyewe unayajua, kilimo cha bustani, ya kusomea nyumbani. Vitini vinakuja kwa simu. Navisoma nikinyonyesha, nikingojea chai ichemke, nikimwitikia Kemunto "mhm" wakati ananisimulia habari za kuku. Mara moja kwa mwezi naenda Kisii mjini kwa vitendo, Momanyi mgongoni. Na unavyonijua, nimerudia ule utoto wangu wa kuuliza. Kwa nini majani ya avokado yakichipua huwa mekundu kabla ya kuwa kijani? Kwa nini migomba yetu ya Taveta hulilia mfereji, na ya huku inasimama tu mlimani na kuzaa? Nikipata jibu moja, maswali mengine yanakuwa yameshakaa foleni.

Muhula huu tulipewa kazi ya kupandikiza. Unachukua mche wa avokado ya kienyeji uliooteshwa kwa kokwa, unaukata kichwa, unapasua shina kidogo, unachomeka kijiti kilichochongwa kutoka mti wa Hass, ile avokado ya biashara, halafu unafunga kwa utepe wa nailoni. Vikishikana, mizizi ni ya kienyeji na matunda ni ya Hass. Mwalimu wetu wa vitendo, ambaye sote tunamwita Madam, alisema atapita nyumba kwa nyumba kuona miche iliyochipua. Asiyekuwa nayo hafanyi mtihani wa mwisho.

Miche nilipewa na baba mkwe. Sijui kama nimewahi kukueleza mambo yake. Huku baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, wala hashikani mkono na mke wa mwanawe. Heshima hiyo wanaiita chinsoni. Wengine siku hizi wameilegeza, yeye hapana. Akiwa na neno kwangu, anasimama nje ya ua na kumwambia Kemunto. Mimi niko palepale, namsikia vizuri kabisa, lakini nangoja mtoto aniletee.

"Kemunto, mwambie mama yako miche isipigwe na jua la mchana."

Kemunto ananigeukia. "Mama, sokoro anasema usiipige." Sokoro ndiye babu kwa Kikisii.

Basi mzee anakohoa na kuanza upya. Ungekuwepo ungecheka mpaka mgongo ukuume tena.

Siku niliyopandikiza, Kemunto alikaa kando yangu kwenye kigoda akitazama kila kitu. Akaniuliza kwa nini naifunga miti. Nilikuwa na kisu mkononi na mtoto analia, nikamjibu haraka kwamba ina kidonda, nimeifunga ipone. Akaridhika. Kumbe alikuwa na mawazo yake. Ule mguu wake, kila tulipokwenda zahanati, nesi alifungua bandeji, akatazama, akaosha, akafunga nyingine. Kwa Kemunto hivyo ndivyo kidonda kinavyoponywa. Kisipotazamwa hakiponi.

Siku chache baadaye nilikuwa nafua bombani nikasikia sauti ya mzee nje ya ua, taratibu kama kawaida yake: "Kemunto, mwambie mama yako daktari wake amefungua wodi yote."

Nilikimbia na povu mikononi. Miche ilikuwa imepangwa kwa mstari, yote imefunguliwa. Tepe ziko ndani ya beseni, amezifua. Vijiti vingine vimelala chini. Kemunto akanitazama kwa uso wa kazi, akasema, "Bado haijapona, Mama. Hii tu ndiyo imepona, upande mmoja."

Sikumpiga. Lakini nilimwambia neno ambalo afadhali ningempiga. Nilimwambia, "Kesho unaenda Taveta kwa bibi yako. Umenimalizia masomo, sitaki kukuona hapa."

Hakulia palepale. Aliokota utepe mmoja uliolowa akajaribu kuufunga tena kwenye shina, utepe ukimponyoka. Ndipo akalia.

Mzee alikuwa bado yupo nje ya ua. Tangu niolewe hajawahi kunitamkia neno uso kwa uso. Hata siku hiyo uso hakunipa, aliuelekeza kwenye shamba la chai. Lakini hakumwita Kemunto.

"Mama Kemunto," akasema, "ukitaka kumpeleka, mpeleke. Ila ngoja siku ambayo hamjagombana."

Akashuka zake. Nadhani aliona haya kuliko mimi.

Mama, wacha nikwambie nilichofanya baadaye, utasema nina wazimu. Nilimfunga Momanyi mgongoni, nikachuchumaa mbele ya ile miche na kuanza kuitazama mmoja mmoja, kwa sababu ya yale maneno ya Kemunto, "imepona upande mmoja." Upande mmoja kwa nini? Nikaona. Kile kinachoshikana ni ule ukijani mwembamba ulio chini ya gome, wa kijiti na wa shina, ukigusana. Ule mti mgumu wa ndani ya shina haushikani na chochote. Mimi mashina yangu yalikuwa manene na vijiti vyembamba, nami nikachomeka vijiti katikati kabisa, vizuri, kama mtu anayesimamisha nguzo. Havikuwa vinagusa ukijani popote. Vilikuwa vinakauka ndani ya utepe huku mimi nangoja vichipue. Kimoja tu kilikuwa kimeponyoka kikaegemea pembeni, na hapo palikuwa na kitu cheupe, laini, kimeanza kuziba mwanya. Kitini kimekitaja, lakini sikuwahi kukielewa mpaka nilipokiona. Nilimwita Kemunto. Tukatazama pamoja, vichwa vimegusana, yeye bado na kwikwi.

"Ni kama ukoko wa ugali," akaniambia.

Na ndivyo kilivyokuwa, ukoko wa ugali mweupe.

Kwa hiyo sijui nimlaumu nani. Ule mmoja uliokuwa unashika, aliuua yeye. Mingine yote ilikuwa imeshakufa, tena kwa mkono wangu.

Madam alipokuja nilimweleza kila kitu. Alicheka habari ya wodi, akasifu nilivyotazama. Nikaanza kutumaini. Kisha akafunga mkoba wake. "Mama Kemunto, nimefurahi, lakini nimekuja kuona mche na mche sioni." Atarudi msimu mwingine. Ina maana mtihani wenzangu wanafanya mwaka huu, mimi naufanya mwakani. Nililia kidogo alipoondoka, halafu Momanyi akaamka.

Najua utakaposoma hapo utasema, unaona sasa? Ungenipa huyo mtoto ungekuwa umemaliza. Huenda ni kweli. Baba yao naye alisema hivyohivyo, kwa upole, na sikumkatalia. Nilimwambia nitafanya alivyosema baba yake. Nitangoja siku ambayo hatujagombana, nimwangalie Kemunto siku hiyo, niamue.

Siku hiyo ilifika. Tulikuwa tunajaza udongo kwenye mifuko mipya, yeye akiuliza kama mizizi hulala usiku, nami sijui. Tukawaza wote wawili. Hatukuwa tumegombana tangu asubuhi. Nikajiambia, haya, leo ndiyo siku, mpeleke. Sikuweza. Nimejaribu siku nyingine pia kama hiyo, ni vilevile. Siku za hasira ningempeleka hata kwa miguu. Siku za amani, siwezi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, Mama. Kemunto anabaki. Nitamaliza mwakani, na kama si mwakani, mwaka utakaofuata, lakini nitamaliza naye akiwa hapa. Naomba usimtumie kaka aje kunibembeleza, nitampikia ale ashibe na arudi peke yake. Kama unataka kutusaidia, na najua unataka, njoo wewe. Uje na sweta nzito. Chumba kipo, na mama mkwe anauliza kila mara huyo mama wa Taveta ni mtu wa namna gani.

Nisalimie mjomba na umwambie namuombea macho yake. Msalimie shangazi anayeuza ndizi sokoni, na yule dada yangu mdogo, asiache shule kwa ajili ya mtu yeyote. Kaka naye, pamoja na hayo niliyosema. Akina mama wa kwaya waambie sijasahau sauti ya pili.

Kama barua hii imekukasirisha, usinijibu leo. Ngoja ipite, ndipo uniandikie.

Mwanao akupendaye,
Rehema, Mama Kemunto