Ubavu wa Kushoto wa Kijakazi

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Naamini barua hii itawakuta wazima, na goti la wifi limeshapoa. Sisi huku tupo. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia meno ya bandia kutwa nzima, lakini nani siku hizi ana mgongo usiouma? Mgonjwa ni baba. Nimeona niandike maana kwenye simu wewe huwa na haraka, nami nina jambo refu.

Sukari ilishamla macho, hilo unalijua. Sasa imeingia kwenye figo, na daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba hakuna kilichobaki ila kumpunguzia maumivu. Baba mwenyewe ameelewa, na hataki mtu amwonee huruma. Alichotaka ni injini tu.

Nikukumbushe. Alipostaafu alijenga juu ya ule ubao wa sebuleni mfano mdogo wa yadi nzima ya reli aliyofanyia kazi: njia zote, ghala, tangi la maji, mabehewa ya kuchonga kwa mkono. Kila kitu kipo isipokuwa injini yenyewe, ile ya mvuke ya kupangia mabehewa, aliyoiendesha tangu ujana mpaka ikauzwa chuma chakavu. Waliiita Kijakazi, maana ilisukuma mizigo ya wenzake mchana kutwa na yenyewe haikusafiri popote. Baba aliiweka iwe ya mwisho kwa heshima yake, upofu ukamwahi. Mwaka huu akaniambia kwamba hataki kufa akaacha yadi isiyo na injini. Nikasema nitamtengenezea mimi. Mdomo wangu huu!

Nilimwomba anieleze ilivyokuwa. Akasema maelezo hayatanisaidia, kwa sababu mimi sikuwahi kuipanda. Kweli sikuwahi. Wewe ndiye uliyekuwa unachukuliwa yadini, mimi nikaambiwa yadi si mahali pa mtoto wa kike. Basi nikaapa nitaijenga bila yeye. Sitakuficha, kaka: nilitaka baba aseme kwa kinywa chake kwamba nimeweza.

Kazi ya mikono haikunitisha. Mtu anayechonga jino likakaa kinywani bila kukwaruza atashindwa na bati? Kumbe shida ilikuwa kwingine. Kule kwenye nyaraka za shirika la reli, mhudumu mmoja mpole alinitolea picha zote za injini ile, na zote zilipigwa upande wa kulia. Nikamuuliza sababu. Akanijibu kwamba jukwaa la abiria lilikuwa upande huo, na hakuna mpiga picha ambaye angevuka reli achafue viatu kwa ajili ya injini ya yadini. Michoro ya kiwandani ilishaozeshwa na mvua. Ubavu wa kushoto haukuwepo duniani. Ndipo nilipokupigia simu, nawe ukasema unakumbuka honi tu.

Aliyeniokoa ni Mzee Makaa, yule aliyekuwa akimtilia baba makaa motoni. Ukutani kwake ana picha ya timu ya mpira ya yadi, wamejipanga mbele ya Kijakazi, tena upande wa kushoto. Nikaanza kuokoteza injini katikati ya vichwa vya watu: pampu juu ya bega la mmoja, bomba nyuma ya sikio la mwingine. Palipobaki ni kwenye kibanda cha dereva, kwa sababu golikipa alikuwa mtu aliyeshiba. Mzee Makaa akasema pale palikuwa na kiti kidogo cha chuma cha kukunja. Nilipouliza cha nini, akasema hayo ni ya baba yangu. Nikakiweka, na bawaba yake. Injini nzima niliijenga kwa bati na ile plastiki yetu ya ufizi. Kabla ya kuipaka rangi ilikuwa ya waridi kama kinywa cha mtoto. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumapili nikamwekea mapajani. Vidole vyake vikaanzia kwenye dohani, akawa anataja kimoja kimoja, taratibu. Akahamia kushoto. Pampu, akasema. Bomba. Kisha kidole kikaingia kibandani, kikainua kile kiti, na baba akalia. Sijawahi kumwona analia, hata tulipomzika mama. Halafu akaniuliza:

"Kaka yako amerudi lini?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kiti kile alikichomelea mwenyewe kwa siri, ukiwa mdogo, uweze kukaa karibu naye. Msimamizi angejua angemfukuza kazi. Ukimtoa Mzee Makaa, aliyeapa kutomwambia mtu, nani mwingine angekijua, akasema, kama si wewe?

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Lakini uso wake, kaka, laiti ungeuona. Nikasema hujarudi, umeituma na mtu.

Nimeumia, wala sitajifanya jasiri. Sasa injini inalala kando ya mto wake, na kila anayekuja kumwona anaambiwa ni kazi ya mwanawe. Mimi ananiagiza niifute vumbi polepole, nisije nikaivunja.

Kwa hiyo nakuomba umpigie. Akikuuliza, sema ni wewe, na usithubutu kunitetea. Asije akakushika uongo: pampu iko mbele ya ngazi, bomba linapinda mara moja tu kuelekea chini, na kiti kinakunjwa kwenda juu. Yasome mpaka uyashike.

Wasalimie wifi na watoto, wabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Piga asubuhi, ndipo anapokuwa na nguvu ya kusikiliza. Mikono yake siku hizi inatetemeka, kwa hiyo simu nitamshikia mimi sikioni.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Meno