Kisima Hakimo Katika Bei

Chake Chake,
2 Mei 2024

Kwa wifi yangu mkubwa, Dada Khairat, Mbweni, Unguja.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani mwako, na lile goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Kauthar kang'oka meno mawili ya mbele, anacheka kama kikongwe. Silima ndiyo kwanza ana miezi saba na usingizi kaupiga marufuku nyumba nzima. Mie siku hizi nalala nimesimama kama punda. Mdogo wako Abdulnasir anakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Barua haikatizwi.

Bi Duni, mwenye nyumba wetu, anahamia Wete kwa binti yake. Macho yamemwishia, maskini. Nyumba anaiuza. Katuita ukumbini, katukalisha, akasema: "Nyie mmeniuguza kama wanangu. Chukueni nyie kwanza, kwa bei ya mtoto, siyo bei ya mgeni." Dada, nyumba hii niliingia bi harusi, na wanangu wawili nimewalea humu. Mkate wangu wa ufuta unajulikana mtaa mzima. Sitaki tena kuhama na godoro kichwani.

Tulichonacho hakitoshi. Kinachoweza kutosha ni sehemu ya Abdulnasir katika shamba la mikarafuu mlilorithi kwa marehemu baba yenu, na bila ya wewe kukubali haliuziki. Ndilo ombi letu.

Na kasoro zake nikwambie, usije ukasema nimekuficha. Nyumba ni kongwe, ya mawe, chokaa inabanduka na boriti moja ya dari imeliwa. Tena kisima kilichomo uani si cha Bi Duni. Babu wa marehemu mumewe alikitoa wakf, kwa hiyo watu wa mtaa wanapita ukumbini kwenda kuchota. Imeandikwa pale pale kwenye ukingo wa kisima. Kauthar ndipo alipojifunzia herufi: waw, qaf, fa.

Tunangoja jibu lako kwa heshima.

Wifi yako,
Ruweida


Mbweni,
14 Mei 2024

Ruweida,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, goti linakwenda. Wabusu watoto, na mwambie Abdulnasir kwamba mwanamume huandika barua zake mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mpaka pale "nyumba ni kongwe", nikaiweka chini kwa kucheka. Mikarafuu ya baba iuzwe ili mnunue gofu la nyumba! Na mtaa wenyewe ule? Ukuta mmoja na yule Jaribu mbara, mbele Mngazija, nyuma Mhindi aliyebakia na duka lisilo na bidhaa. Mkipika mnavuta moshi wa makabila matano. Nilipokuja niliona kwa macho yangu, watu wanaingia na kutoka ukumbini kwako na ndoo kama njia ya kwendea sokoni, nawe unawachekea. Mtoto wa ndugu yangu akulie hapo?

Wenye akili zao wananunua viwanja Madungu, wanajenga, wanatia ukuta na geti, chini marumaru. Unakaa kwako. Hata ukipiga chafya hakuna wa kukusikia.

Sikubali, na karatasi yoyote ya shamba sitii saini. Mkipata akili, niambieni.

Ni mimi wifi yako mkubwa,
Khairat


Chake Chake,
27 Mei 2024

Dada Khairat,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia goti linakwenda. Ulimi nao naona mzima, alhamdulillahi. Silima kapata mafua, Kauthar hajambo.

Huyo Jaribu unayemwita mbara, aliyetoka bara ni babu yake. Yeye kazaliwa ukuta wa pili na baba yake kazaliwa hapo hapo. Uchungu wa Silima uliponishika, Abdulnasir yuko Mkoani kutengeneza majokofu ya watu, Mzee Jaribu ndiye aliyetafuta gari, akakaa mlangoni pa spitali na tasbihi yake mpaka alipoambiwa mtoto wa kiume. Huyo Mngazija ana jina lake, Bi Zulekha, na siku arubaini zote alikuja kunikanda. Wewe shangazi wa damu ulituletea tende. Zilifika na wadudu. Hatukusema, tulichambua tukala.

Madungu kuna watu wema, sina neno nao. Lakini mie sitaki mahala nikipiga chafya pasiwe na wa kuniombea rehema.

Bi Duni kakubali kutungojea. Nakuomba mara ya pili, na najua kuomba kwangu unakuona kijinga. Nione hivyo hivyo, ila saini.

Wifi yako,
Ruweida


Chake Chake,
20 Agosti 2024

Dada Khairat,

Assalaam alaykum. Tangu Mei sijapata jibu. Nilidhani umeghadhibika. Kumbe ulikuwa na shughuli.

Nyumba imeuzwa. Mkwe wa Bi Duni kaletewa bei ambayo hakuweza kuikataa, na kizee wa watu hakuulizwa mara ya pili. Alipoondoka alinishika mkono akasema, "Mwanangu, neno langu limenishinda nguvu." Nikamfunga buibui, nikamtia garini.

Juzi kaja dalali, kijana Usama, na futi ya kupimia. Nina mtoto begani na unga mikononi, yeye anapima chumba nilicholala. Nikamuuliza mnunuzi ni nani. "Mwenyewe hataki kutajwa, mama." Haya. Akapima ngazi. Akasema: "Hizi zitiwe mkono wa kushikia. Mwenyewe yuko Mbweni, ana goti bovu."

Dada, Mbweni kuna magoti mangapi?

Wifi yako,
Ruweida


Mbweni,
1 Septemba 2024

Ruweida,

Waalaykum salaam. Wazima sote.

Nimenunua mimi. Sikuiba, nimelipa. Rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni kule Mji Mkongwe kaona picha zake akashika kichwa. Kanambia wazungu hawataki tena marumaru, wanataka mawe, boriti na mlango wa zamani, na mtaa wenye historia na mchanganyiko wa watu. Wewe ulikuwa umeikalia hazina na kuiona nyumba ya kuchomea mikate.

Usidhani nawatupa. Kile chumba cha uani mtakaa bure. Wageni utawapikia huo mkate wako, na Kauthar atavishwa kanga awapokee mlangoni, wazungu wanapenda watoto. Ni riziki hiyo, wengine wanaililia.

Sharti langu moja. Huo msafara wa ndoo ukome. Usama nimemwagiza kufuli. Walikuzoea kwa sababu una moyo laini, mimi hawatanizoea.

Wifi yako mkubwa,
Khairat


Mbweni,
28 Oktoba 2024

Ruweida,

Salaam. Kuna nini huko? Usama hapokei simu. Wageni wangu wa mwanzo wameondoka siku ya pili, wameandika kwenye mtandao kwamba nyumba ni nzuri ila "wenyeji wanaishi ndani". Wenyeji gani? Nyinyi si mmehama, tena bila hata ya ahsante? Kufuli langu nani kalitoa?

Naijua fitina ikiwa na mkono wa mwanamke. Nakuja Ijumaa ya tarehe 15 Novemba, na hati yangu mkononi. Waambie watu wako wajitayarishe.

Khairat


Chake Chake,
4 Novemba 2024

Kwa wifi yangu Khairat.

Waalaykum salaam warahmatullah. Natumai goti linakuruhusu kusafiri. Sisi wazima. Silima keshasimama, anajishika ukuta. Usiku bado halali, lakini sasa anacheka huku yu macho, basi namsamehe.

Ndiyo, tumehama. Tuko kwa Mzee Jaribu, vyumba viwili, ukuta ule ule kwa upande wa pili. Abdulnasir alitaka kukubali chumba chako cha uani. Nikamwambia, "Nenda, mume wangu, utalala peke yako." Mie ni mke wa ndugu yako, si mpishi wa wageni wako, na mwanangu si pambo la mlango. Ahsante umeikosa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kushukuriwa.

Sasa habari ya kufuli. Siku lilipofungwa, Bi Zulekha kaja na ndoo zake mbili kama kawaida. Usama kasimama kifua mbele: "Mama, mwenyewe kakataza." Bi Zulekha kamtazama juu mpaka chini. "Kijana, nimekuja kuchota maji, sikuja kukuposa. Nipishe." Wakaja na wengine, yule Mhindi wako wa duka tupu katuma mtu na madumu yake, mtaa ukajaa ndoo. Usama jasho linamtoka, anapiga simu, wewe uko kikaoni. Mzee Jaribu kamwekea kiti: "Kaa, mwanangu, utaanguka. Tajiri wako kanunua nyumba na mgeni wake ndani, na mgeni mwenyewe ni kisima, hahami."

Shehe Rajab wa msikiti wetu kaja baada ya sala ya adhuhuri. Hakupandisha sauti. Kamchukua Usama mpaka uani, kamwonesha yale maandishi, kisha kasema mbele ya watu: "Nyumba imeuzwa, kisima hakimo katika bei. Aliyekitoa alimpa Mungu, na Mungu hakuuza." Usama kalifungua kufuli kwa mkono wake. Hakuna aliyelivunja, liko kwenye kidirisha, utalikuta.

Wageni wako sikuwafitini. Yule mwanamume kashuka ngazi asubuhi na taulo kiunoni, kamkuta Bi Zulekha ukumbini. Kila mmoja kamkimbia mwenzake, maji yakabaki sakafuni. Mie ndiye niliyepangusa, kwa mazoea.

Fitina, unasema. Wifi, barua yangu ya mwanzo ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ulicheka kabla hujaimaliza. Mistari miwili tu chini ya pale ulipochekea, kisima nimekiandika, na wakf nimeiandika, na mahala palipochorwa nimepaandika. Kauthar ana miaka sita na anapasoma. Ulikuwa na haraka ya kutudharau, na dharau ndiyo iliyokununulia nyumba hiyo. Mie bei ya Bi Duni ningeilipa nikijua ninachonunua: kuta, dari, na watu wanaopita. Wewe umelipa bei ya mgeni na hukuuliza hata maji ya nani.

Abdulnasir kanambia nikuulize kama utatuuzia. Sikuulizi. Ukitaka kuuza kwa bei ya mtoto, unajua ukuta tulipo na mikarafuu tulipoiacha. Ukitaka kuifungia nyumba mpaka boriti zidondoke, hati ni yako. Nyumba niliitaka, na bado naitaka. Kila alfajiri naingia na ndoo yangu na Silima begani, napita ukumbini mwangu wa zamani, namwona anavyouchungulia ule mlango wa chumba chetu, moyo unanikata. Nachota, natoka. Lakini kukulilia sitakulilia.

Njoo, karibu sana. Ukiwa na kiu nitakuchotea mwenyewe, maji yale hayajui nani kamdharau nani. Ila ujitahidi ufike kabla ya magharibi. Usama kaacha kazi, na Shehe kapanga mlango ufunguliwe alfajiri na ufungwe magharibi, na ufunguo uwekwe kwa jirani wa ukuta mmoja. Kwa hiyo meli ikichelewa, itakubidi uende kwa Mzee Jaribu upige hodi, umwamkie shikamoo, umuombe ufunguo wa nyumba yako.

Atakupa. Ni mtu mwema.

Wifi yako,
Ruweida