Mhusika Aje Mwenyewe

Shoga, uko? Ndiyo natoka ofisi ya magereza sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za nje.

Nilipeleka zile saini zetu elfu nne za kuomba yule fundi saa asinyongwe. Si unakumbuka kesi yake: dakika ishirini, wakili wake kasinzia, jaji akamwamsha ili asikie hukumu.

Karani alizipokea vizuri tu, ila akalalamika pini zimekaa kulia badala ya kushoto. Nikazing'oa zote kwa kucha, nikabana upya.

Akagonga mhuri: majibu baada ya siku thelathini.

Nikamwambia, "Kaka, ananyongwa Ijumaa hii."

Akaangalia kalenda. Aliangalia kweli, shoga, mpaka kidole akaweka. Akasema, "Basi siku ya thelathini mhusika aje mwenyewe kufuatilia. Asisahau kitambulisho."

Mhusika. Aje mwenyewe. Na kitambulisho.

Na unajua nilimjibu nini? Nilisema asante. Mdomo ulishazoea ofisi.

Sasa narudi ndani kumnyang'anya ile asante. Wewe mlete mke wa fundi, karani amweleze yeye mumewe atakuja na miguu gani.